Siku Niliyoiombea Kampuni Mto wa Mjomba

Siku hiyo bado naikumbuka, mwanangu, mpaka harufu ya chakula chake. Nimesikia unataka kugombea udepite, huo ubunge, basi ngoja nikusimulie kabla hujabandika picha zako ukutani.

Nilichaguliwa nikiwa kijana mwenye meno yote na ndoto nyingi. Watu wa Lusangi walinipigia kura kwa sababu nilijua kusema. Kule Kindu, katika asamble ya provinsi, bunge la jimbo letu, nilisimama nikasema mto wetu usipewe kampuni ya dhahabu, maana maji yake ndiyo tunayokunywa. Wenzangu wakapiga makofi. Nilijiona mkubwa sana, nikuambie ukweli.

Miaka ikaisha, kiti nikakikosa. Hakuna aliyenifukuza Kindu. Simu tu iliacha kulia. Ukizoea kuitwa kila saa, kimya kile kinakula mtu. Ndipo wakaja watu wa kampuni ileile. Walisema, wewe unajua milango yote. Kweli niliijua. Nilijua waziri gani anapenda kusifiwa na sekretere gani ana mtoto mgonjwa. Nikawa msemaji wa kampuni kwa wakubwa, naingia maofisini na suti yangu ya udepite, nabembeleza. Karatasi zote zikapita. Ikabaki moja, ya ukoo wenye mto. Ukoo wa mama yangu, na mkubwa wake alikuwa mjomba.

Nikatuma habari kwamba nakuja kwa ajili ya mto. Nilipanda pikipiki toka Kasongo, nikapita Kabambare, nikafika Lusangi nimejaa tope. Nyumbani walikuwa wamezunguka sinia ya wali na sombe, majani ya muhogo. Nikavua viatu, nikanawa, nikachuchumaa kati yao kama zamani. Mke wa mjomba akanishika mkono, polepole.

"Hapana, Honorabule. Yako iko kwa meza."

Mezani palikuwa na kiti kimoja na kuku mzima. Kwetu kuku mzima ni wa mgeni, na mgeni anakula peke yake.

Nikacheka. "Mama, miye si mugeni. Nilijifunza kutembea hapa hapa."

"Mutoto wa hapa hawezi kuja kutuomba muto," akasema mjomba bila kuinua macho. "Mwenye kuomba ni mugeni. Kula, kisha tutakusikia."

Nikala. Wao walitaniana wakigombania ukoko, nami natafuna paja, nimewapa mgongo.

Baadaye mjomba akaipokea karatasi, akaigeuza huku na huku. Hakujua kusoma. "Hii karatasi inasema maji itabakia mazuri?"

Haikusema. "Wakubwa wote wamekubali," nikajibu.

"Sikukuuliza wakubwa. Sema na kinywa yako. Mutoto wa dada yangu akisema maji itabakia, miye naweka kidole."

Hapo, mwanangu, ningeweza kupanda pikipiki nikarudi mikono mitupu. Nikaifikiria ile simu isiyolia. Nikasema, "Itabakia, mujomba." Akaweka kidole.

Leo maji yale ni mekundu, na wanawake wanatembea mpaka bonde la pili. Hakuna aliyenitukana. Nikienda, nachinjiwa kuku. Mjomba alipozikwa nilipewa kiti cha mbele, pamoja na watu wa serikali, na wale niliocheza nao utotoni wakachimba kaburi bila kuniita.

Sikukatazi kugombea. Nenda, una moyo mzuri, na ndoto zako zinanifurahisha hata mimi. Lakini sauti waliyokupa watu si yako ya kupangisha. Siku kiti kitakapoisha, rudi upesi, ulime mpunga, uvumilie kimya. Kinauma miezi michache tu. Mimi nilikikimbia, nikapata kimya kingine kisichoisha. Na watu wako wakikuuliza jambo usilolijua, sema sijui, hata kama wakubwa wanakungoja.

Mungu akupe ushindi kama kuna heri ndani yake, na ukishindwa akupe usingizi mzuri. Wazee wa kwenu wasikuogope kamwe, wakugombeze kila unapostahili. Amina.