Nilimpa Vidonge Vyake

Mdogo wangu ni fundi makochi, na ukitaka kumjua mtazame anavyokaa. Hakai, anajaribu. Akiingia nyumba ya watu, hata kwenye msiba, atakanda sponji kwanza kwa kiganja, ataegemea kidogo apime mgongo wa kiti, ndipo ashushe makalio, na usoni utaona amekwisha kukitolea kiti hukumu. Karakana nzima inamwita Springi. Mimi ni dada yake. Nashona foronya na mifuko ya mito, na cherehani yangu iko mlangoni kwenye mwanga, kwa hiyo kila anayeingia hupita mbele ya macho yangu na ulimi wangu. Huo ulimi nimeurithi kwa mama. Springi alirithi mikono.

Aliyekuwa akisugua mbao na kupiga vanishi tulimwita Msasa. Mrefu, mcheshi, kicheko chake kilikuwa kinafika kazini kabla yake. Yeye na mdogo wangu ni wapenzi. Nalisema hivyo hivyo kwa sababu nimechoka na "wale marafiki" na "wale ndugu wawili". Hakuna aliyeniambia. Dada haambiwi, dada anaona nani anamwachia nani kipande kizuri cha nyama. Nilinyamaza, nikawashonea mapazia mazito ya chumba chao, na wao wakaelewa.

Sasa yule mtu. Zahanati ya mtaa wetu ina dirisha moja la kuandikisha wagonjwa, na nyuma ya dirisha kuna karani. Humfikii daktari bila faili, na faili halitoki bila yeye. Daktari mwenyewe ni mama mstaarabu, lakini daktari mstaarabu nyuma ya karani mshenzi ni maji ya kisima kisicho na kamba. Utayaona, hutayanywa.

Wa kwanza kwenda alikuwa Msasa. Alisikia kuna vidonge vya kinga: mtu asiye na virusi vya UKIMWI anavimeza, na virusi vikimjia havishiki. Akaoga, akapiga shati pasi, akaenda kuviomba kwa faida yao wote wawili. Karani alimsikiliza, akamtazama toka utosini mpaka kwenye viatu, kisha akamuuliza kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara, "Umeoa, au umeolewa?"

Anayeijua lugha yetu anajua kisu kiko wapi. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Herufi tatu tu zinaongezwa katikati, na mtu mzima anavuliwa nguo mbele ya benchi zima. Watu walicheka. Wenye kifua walicheka mpaka wakakohoa. Msasa naye akacheka, kwa sababu ndivyo alivyozoea kujihami, akageuka akaondoka. Karakanani alituigizia kisa chote, akimfanya karani kwa sauti ya puani, nasi tukashika mbavu. Lakini zahanati hakurudi.

Akaja kuugua. Alipimwa hospitali kubwa, mbali na kwetu, akakutwa na virusi. Alivipata wapi hilo ni lake na mdogo wangu, na walilizungumza mlango ukiwa umefungwa. Springi akapimwa, hakuwa navyo. Wahudumu wa hospitali wakamweleza vizuri: mwenzako ameanza dawa, na akizimeza bila kuacha zitafubaza virusi mpaka asiweze kukuambukiza, ila mpaka hapo wewe meza vidonge vya kinga. Avichukue wapi? Zahanati ya mtaa wake. Duka la dawa la njia panda nalo likasema haliuzi vidonge hivyo bila cheti cha zahanati. Kila njia tuliyoshika ilitumwaga kwenye dirisha lilelile. Mdogo wangu alitakiwa kupata kinga kabla hajapata maradhi, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu mmoja asiye na haya.

Nilimsindikiza. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa, yeye akasogea dirishani na kuongea chini chini.

"Kinga ya nini?" karani akauliza. "Ongea kwa nguvu, huku ndani sisikii."

"Ya virusi."

"Ahaa. Umeoa, au umeolewa?"

"Sijaoa."

"Swali langu lilikuwa na pande mbili, ndugu yangu. Umejibu upande mmoja tu."

Benchi likalipuka. Mama aliyekaa karibu nami akauvuta mkoba wake kifuani, kana kwamba virusi ni vibaka.

"Vidonge hivi ni vya watu walio hatarini," karani akaendelea, akijinyoosha kama mhubiri. "Wewe hatari yako inatoka wapi? Njoo na mkeo, nitawaandika wote wawili."

Springi akasema, "Asante." Asante! Ndivyo mama alivyotulea, tumshukuru hata anayetukanyaga. Mimi nilitamani kulivunja lile dirisha kwa kutumia kipaji cha uso cha yule karani. Tulitoka mpaka barabarani.

"Yaishe, dada," mdogo wangu akaniambia. "Nitakuwa mwangalifu."

"Uangalifu si kidonge."

"Basi nifanye nini? Nimkodishe mke?"

Kuanzia siku hiyo Msasa alihama kitandani akaenda kulala kwenye kochi la sebuleni, bila kuambiwa na mtu. Nilipowatembelea nililiona shuka lake limekunjwa vizuri pembeni, na mdogo wangu akizunguka na kikombe cha chai asijue akae wapi. Walikuwa wakipishana humo ndani kwa adabu, kama wapangaji. Nilirudi kwangu nimejaa sumu. Watu wengine husali wakiwa na uchungu. Mimi nililaani, kwa mpangilio, kuanzia kichwa cha karani kushuka chini.

Siku za mwizi ni arobaini. Asubuhi moja aliingia karakanani mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwili wa kujitosheleza, funguo zinalia kiunoni, akitaka seti mpya ya makochi. Nyuma yake alikuja mume akiwa amebeba sampuli za vitambaa. Nilimtazama mara mbili. Bila dirisha alikuwa mfupi. Kumbe kule ndani anakalia kigoda kirefu! Aliniona, akamwona Springi na futi yake mkononi, akainamisha macho kwenye vitambaa.

"Kaa hapo tuone kina," mkewe akamwambia. Karani akakaa.

"Simama." Akasimama.

"Mimi naona rangi ya kahawia ingefaa," akajaribu.

"Kijivu," mama akamwambia Springi.

Nikauliza kwa adabu zangu zote, "Tukimaliza tulete wapi, mama? Nyumbani kwa bwana?"

"Kwa bwana wapi!" Mama akacheka. "Nyumba yangu ile, nimeijenga kabla hata sijamjua. Huyu alinijia na begi na pasi ya umeme."

Haki ya Mungu sikupanga. Maneno yalitoka yenyewe, yametulia. "Kumbe shemeji hujaoa," nikasema. "Umeolewa!"

Ni utani wa kila siku. Mwanamume akihamia kwa mke husemwa hivyo, na mwenye moyo mweupe hucheka naye. Seremala alicheka mpaka randa ikamtoka mkononi. Mama ndiye aliyecheka kuliko wote, funguo zikapiga kelele. Karani hakucheka. Alisimama na vitambaa vyake, masikio yamemsimama, akinitazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mahakamani. Mkuki kwa nguruwe mtamu, baba. Nilisikia raha mpaka kwenye magoti. Nilimpa vidonge vyake, na maji ya kumezea sikumpa.

Mama akatoka nje kupokea simu. Springi akanishika mkono akanivuta nyuma ya mbao.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimekulipizia."

"Umemchoma na msumari uleule alionichoma mimi. Kwa hiyo hata wewe unaona kuolewa ni tusi?" Akauachia mkono wangu. "Halafu, tukienda tena dirishani, nani ataniandika? Umefikiria hilo?"

Alikuwa na haki kwa yote mawili. Niliona aibu, nasema kweli. Lakini aibu na hasira zinaweza kukaa chumba kimoja, na hasira yangu haikupungua hata punje. Nilijua pia kwamba yule mtu sasa ana woga, na woga ni kama gundi ya makochi, usipoubandika ukiwa bado mbichi haushiki tena. Nikamfuata karani pale aliposimama peke yake.

"Shemeji," nikamwambia polepole, "makochi yakiwa tayari, anayekuja kwenu kuvalisha foronya ni mimi. Kazi ile si ya haraka. Tunakaa na mama mwenye nyumba, tunakunywa chai, tunapiga soga. Sasa nataka unishauri. Nimsimulie unavyouliza watu maswali dirishani, au nimsimulie unavyowasaidia?"

"Unanitisha?"

"Nakuuliza. Si ndiyo kazi yako, kuuliza?"

Akatazama nje alikokuwa mkewe. "Aje Jumatatu," akasema. "Apitie mlango wa nyuma, nitampa faili."

"Mlango wa nyuma ni wa kutolea taka. Atakuja dirishani kama watu wengine, na utamhudumia kama watu wengine."

Jumatatu tulikwenda watatu, kwa sababu Msasa naye alikuwa amehamishiwa hapo kuchukua dawa zake za matibabu. Yeye akaenda kukaa kwenye benchi la mwisho wa korido, wanakosubiri wa dawa hizo. Springi akasogea dirishani. Karani aliandika bila kuinua kichwa. Hakuuliza cha kuoa wala cha kuolewa. Benchi lilikuwa limejaa na lilikuwa linasubiri kichekesho chake, maana watu wale wamezoea, na hakikuja. Nilikaa katikati yao nikawatazama mmoja mmoja usoni mpaka wakaanza kusoma mabango ya ukutani.

Daktari alimpima Springi, akakuta bado yuko salama. Akamweleza namna ya kumeza, lini arudi, na kwamba kinga haianzi papo hapo, kwa hiyo asiende kujiachia leo leo. Kisha akafungua kabati, akatoa kopo, akalitazama huku na huku.

"Bahati umekuja," akasema. "Yamejaa hapa na yanakaribia kupitwa na muda. Nilikwisha kuandika huko juu kwamba mtaa huu hauna wahitaji."

Nilisikia masikio yangu yakizibuka. Yalikuwepo! Msasa alipokuja na shati lake la pasi, makopo yalikuwa humo ndani, hatua chache nyuma ya kile kigoda, yamepangwa safi yakingoja kuharibika. Nilifungua mdomo. Springi akaniwekea kiganja kwenye goti, kama anavyokandamiza sponji, akasema mwenyewe kwa sauti yake ndogo:

"Wahitaji wapo, daktari. Wanaishia dirishani."

Daktari akaliweka kopo mezani. Akautazama mlango, akamtazama Springi, akauliza, "Wanaishiaje?" Mdogo wangu akamweleza neno kwa neno, swali lile na pande zake mbili, bila kuongeza chumvi wala kupunguza. Mimi, mwenye ulimi, sikusema kitu. Daktari alitoka nje ya chumba, na tukasikia mlango wa karani ukifunguliwa, kisha ukifungwa. Hawakugombana kwa sauti. Lakini ilichukua muda, na mimi nilifurahia kila kipande cha muda huo.

Tulipotoka, kopo likiwa mfukoni mwa Springi, karani alitufuata koridoni. Uso ulikuwa umemshuka. Alitazama nyuma, akamsogelea mdogo wangu, akaongea chini chini, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Ndugu yangu. Vidonge umepata, na mimi kwa daktari umenimaliza. Nyumbani kwangu msinifikishie habari hizi. Tumemalizana?"

Nilitaka kumjibu mimi. Nilikuwa nalo jibu, lilikuwa refu na lenye matusi ya nguoni. Springi akaniwahi.

"Mimi na wewe tumemalizana," akasema. Akamshika kiwiko, taratibu kama anavyowageuza wateja waone kochi upande wa dirisha, akamgeuza kuelekea mwisho wa korido. "Lakini yule alikuja kabla yangu. Nenda kamuulize mwenyewe."

Karani hakutaka kwenda, ila alikuwa ameshikwa kiwiko na nyuma yake nilikuwa mimi. Akaenda. Akasimama mbele ya benchi, mikono haijui ikae wapi. Msasa akainua macho. Alikonda sana, nimesahau kusema, mashavu yote yameingia ndani. Alimtazama muda mrefu mpaka akamkumbuka, kisha akasogea pembeni akampisha nafasi.

"Kaa," akamwambia. "Vidonge vyangu mimi ni vya maisha. Sina haraka."