Mpira Nilioutupa kwa Bibi Filimbi

Mlio wa mpira wa tenisi kwenye sakafu ngumu, tak, tak, tak, unanikera kuliko nzi sikioni. Juzi nilikuwa kwa mjukuu wangu Muthoni, Kianjokoma, na televisheni yake ya betri ilikuwa inaonyesha wanawake wakicheza wawili kwa wawili ndani ya jumba kubwa la Ulaya. Muthoni akaniambia, "Cucu, hawa hiyo ndiyo kazi yao. Wanalipwa kucheza." Mimi sikuwaangalia hao. Niliangalia wasichana wa kuokota mipira walivyokuwa wakirusha mipira kwa wakubwa wao bila aibu. Nikamwambia zima. Akashangaa, maana mimi si mtu wa kufoka. Basi nyinyi nitawaambia, yeye nilimwambia ni kichwa kinauma.

Nilizaliwa upande wa Gachoka, kule kwenye joto na mbuzi. Siku za wazungu, mama yangu, Marigu, aligombana na baba karibu mwaka mzima hadi nikapelekwa shule ya misheni huku Embu, nikalala huko huko. Baba, Nthiga wa Kamwea, alikubali kwa neno moja tu: "Siku nitakayosikia amekosa adabu huko, atarudi kwa mbuzi na hataenda tena." Neno hilo nililibeba kama yai.

Mwalimu mkuu wetu tulimwita Bibi Filimbi kwa sababu ya filimbi iliyoning'inia shingoni mwake hata kanisani. Kila mvua ndefu, yeye na muuguzi wa misheni walishindana na mabibi wawili waliokuja kwa gari kutoka Meru, matope hadi madirishani. Kwa kuwa nje kulikuwa na maji, walicheza ndani ya ghala la mahindi: magunia yalisukumwa ukutani, wavu ukafungwa katikati, na mvua ikapiga mabati hadi mtu hasikii kikohozi chake mwenyewe. Ghala lilinuka vumbi la mahindi na mafuta ya taa. Kulikuwa na kikombe cha fedha, na Bibi Filimbi alikuwa amekikosa miaka miwili mfululizo. Walisalimiana kwa meno tu, wale wanne.

Waokota mipira tulikuwa wanne: Ciarunji wa Mbogo, Igandu wa Nyaga, Ruguru wa Njiru, na mimi Wambeti. Ruguru alikuwa mtoto wa mpishi wa misheni, na hakunipenda. Aliniangalia miguu akasema, "Leo utaokota mpira, wewe wa Gachoka. Usidhani ni mavi ya mbuzi."

Sasa sikilizeni kosa langu. Kwetu mkubwa hatupiwi kitu. Unamwendea, unainamisha kichwa, unampa kwa mikono miwili. Anayetupiwa ni mbwa, na hata mbwa wa jirani unamtupia ukijua jirani haoni. Kwa hivyo mpira wa kwanza ulipokuja miguuni pangu, niliuokota, nikaupangusa kwa nguo, nikazunguka ghala lote polepole, nikainama mbele ya Bibi Filimbi, nikampa.

Mabibi wa Meru wakacheka. Mmoja akaketi juu ya gunia kama anayengoja chai.

"Tupa!" Bibi Filimbi akaniambia.

Neno nililielewa. Mkono ndio uliokataa. Mpira wa pili nikampelekea vilevile, ila mbio. Wa tatu nikavuka katikati ya mchezo, muuguzi akanikwepa, akakosa kupiga, na Meru wakapata pointi. Bibi Filimbi akaja akanishika sikio, akalisokota mbele ya wote.

"Mjinga wewe! Mbuzi! Nimesema tupa!"

Ruguru na Ciarunji walicheka mpaka wakajishika mbavu. Walikuwa wanajua kuubiringisha mpira chini hadi miguuni mwa mtu, taratibu, bila kumtupia. Hakuna aliyenionyesha.

Sikio langu lilikuwa moto. Mpira uliofuata ulipokuja, nilijua kabisa ninachofanya, nisiwadanganye. Nilimwangalia Bibi Filimbi machoni, nikasema moyoni, haya, kula. Nikamtupia kama ninavyowatupia mbwa wa nyumbani, kwa kiganja kilichopinduliwa na midomo imekunjwa.

Ruguru akaacha kucheka. Baba yake, Njiru, alikuwa ameingia na sinia ya vikombe, akasimama pale mlangoni vikombe vikigongana.

Na Bibi Filimbi akaudaka mpira kwa mkono mmoja, akatabasamu. "Vizuri sana! Umeona? Sasa umejifunza."

Yeye na muuguzi walishinda siku hiyo. Akanipa biskuti mbili. Nilizila nikilia, maana tusi langu kubwa kuliko yote lilipokelewa kama salamu.

Jumapili Njiru alipanda baiskeli yake hadi Gachoka. Jumatatu baba alikuwa langoni mwa shule na fimbo. Hakuingia. Alisema tu, "Ulimtupia mtu mzima kitu?" Nikasema ndiyo. Tukaenda. Nilikuwa nimefika herufi ya M.

Ciarunji aliniambia tulipokuwa wamama tayari kwamba Bibi Filimbi aliniulizia muhula mzima: yuko wapi yule aliyejifunza haraka? Hilo halikunipoza. Nilimchukia miaka arobaini, sikio na yote, na Njiru nikamchukia siku za mapumziko.

Baba alipokwisha kuzikwa ndipo mama, akipepeta mtama, aliposema bila kuinua macho: "Pombe ya uchumba wako ilikuwa imeshanywewa. Kabla ya ile mvua. Nthiga alikuwa anatafuta sababu tu ya kukutoa shule, Njiru akamletea."

Nikamuuliza kwa nini alikaa na neno hilo muda wote huo.

"Ungemchukia yeye," akasema, "na bado ulikuwa unakula kwake."

Nilijaribu, nawaambia kweli, kumkasirikia baba. Nilienda nikasimama kaburini kwake kusudi nimkasirikie. Lakini hasira yangu ilikuwa imeshazoea njia ya kwa Bibi Filimbi, na kila nilipoiita irudi kwetu, ilikwenda huko huko.