Chupa Zilizong'arishwa

Mtaa mzima ulimwita Mama Chupa, wala hakununa. Kazi yake ilikuwa kuchota maji ya mto mkubwa na kuyapeleka maabara yakapimwe. Akiwa mashuani, alielekeza mdomo wa chupa kule mkondo unakotoka, akaisuuza kwa maji yaleyale ya mto, ndipo akaijaza. Sabuni ilikuwa mwiko kabisa.

Tangu kiwanda cha ngozi kiuchafue mto, pampu ya mtaa ilifungwa na watu wakabaki kugombania maji ya lori. Sasa kiwanda kilikuwa kimebanwa kisawasawa, na vipimo vilipendeza mwezi baada ya mwezi. Kilibaki kipimo kimoja tu ili pampu ifunguliwe.

Hicho kikaja kibaya. "Kemikali za sabuni zimejaa tele," alisema mkuu wa maabara. "Pampu haifunguliwi."

Mama Chupa alirudi nyumbani akiburuta miguu. Mama mkwe wake, bibi asiyeweza kuona chombo kichafu akatulia, alimpokea kwa bashasha.

"Mwanangu, uliona nilivyozing'arisha zile chupa? Ulizileta zinanuka tope, aibu tupu! Nikazisugua kwa sabuni ya unga mpaka zikalia."

Mama Chupa alishika kichwa. Hasira zikampanda, kicheko kikamponyoka, kisha hofu ikamkaa. Chupa za kazi hazikuruhusiwa kulala nyumbani. Akisema, amejichongea, ila akinyamaza, mtaa mzima utaendelea kubeba ndoo kwa sababu yake.

Asubuhi akaenda kusema. Mama mkwe akamfuata nyuma, bila kualikwa na mtu.

"Baba, kama ni kugomba, nigombeze mimi," alimwambia mkuu. "Huyu namjua. Mto ule anauhangaikia kuliko mume wake."

Mkuu alijitahidi kukunja uso, akashindwa. Alimpa Mama Chupa onyo kali, halafu akampa chupa mpya na kumrudisha mtoni. Safari hii majibu yalikuja mazuri, na mkuu mwenyewe akapiga simu kuagiza pampu ifunguliwe.

Siku hiyo bomba la jikoni lilikohoa, likatema kutu, kisha maji yakashuka meupe. Majirani walipiga vigelegele. Mama mkwe alichemsha chai, akamimina kikombe cha kwanza. Mama Chupa akakipokea kwa mikono miwili ili amrudishie mkubwa wake anywe kwanza, kama siku zote.

"La," bibi akasema, machozi yakimtoka. "Leo unaanza wewe."