Picha Sita za Mama Mkwe

Majirani walimwita Profesa, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila aliyeingia studio yake kupiga picha za pasipoti alitoka na picha nne na hotuba moja: kwamba kompyuta yake ya miaka kumi na saba ni imara kuliko hizi za siku hizi, zinazoharibika hata kwa kutazamwa. Kwamba ilichukua dakika kumi kuwaka hakulisema. Wateja walijionea wenyewe.

Mtu pekee aliyekataa katakata kukaa mbele ya kamera yake alikuwa mama mkwe. Kwa miaka kumi na miwili alishikilia kwamba binti yake ameolewa na mtu asiye na kazi, maana kubonyeza kitufe hata mtoto anaweza. Mara siku moja, bila kubembelezwa, akatuma ujumbe kwamba kesho yake anakuja kupigwa picha ya kuweka sebuleni. Profesa alijua hiyo ndiyo nafasi yake ya kuonekana mtu. Kwa heshima ya mgeni akanunua kadi mpya ya kamera, inayobeba picha elfu nane. Akapiga sita.

Mama mkwe alipoondoka, akaichomeka kadi kwenye kompyuta. Kimya. Akaichomoa, akaipuliza, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha. Akazima kompyuta na kuiwasha, dakika kumi zake zikapita. Mkewe alimshauri aipeleke kwa fundi kabla hajaiharibu, naye akamjibu kwamba fundi ndiye huyu anayemwona. Jaribio la saba, yakatokea maandishi na vitufe viwili. Sasa, kompyuta ile ilikuwa na maswali kupita afisa wa pasipoti, na Profesa alikuwa na zoea la kuyajibu yote Ndiyo bila kuyasoma, ili kazi ziende. Akabonyeza Ndiyo. Kusoma alisoma baadaye. Alikuwa ameulizwa kama anataka kadi ifutwe yote, ianze upya.

Aliyemuuzia kadi hakumhurumia. Alimweleza kwamba kompyuta za enzi zile zinazijua kadi ndogo tu, zinazobeba picha chache. Hii kubwa, kompyuta yake haiwezi kuisoma hata aipulize mpaka mapafu yaishe. Angeunganisha kamera yenyewe kwa waya wake, picha zote zingeingia salama salimini. Waya huo Profesa alikuwa nao. Alikuwa anaufungia pazia la studio.

Aliona aibu. Siku ya pili alikwenda kwa mama mkwe, kadi yake ndogo ya zamani ikiwa ndani ya kamera, na njia nzima alitunga visingizio: umeme ulikatika, kadi ilikuwa ya bandia. Alipokaribishwa ndani vyote vikamyeyuka kichwani. Akasema kweli yote, hadi habari ya pazia.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaketi kwenye kiti kilichokwisha kuwekwa karibu na dirisha, akainyoosha nguo yake. Ilikuwa ileile nzuri ya jana.

“Haya, piga, mwanangu,” alisema. “Jana sikujichosha kutabasamu. Nilijua utarudi.”