Magadi ya Mlenda Kwenye Betri

Sikuwa na mpango wa kusafiri wiki ile. Nina mizinga yangu ya nyuki nyuma ya Manyoni na msimu wa kurina ulikuwa umekaribia. Lakini jioni moja dada yangu Salome alipiga simu kutoka Mgori, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Kideri kimeingia kwa jirani," akasema. "Kuku wao wanazungusha shingo, wanaanguka. Wangu bado wazima. Kule mjini Singida nimeambiwa chanjo imekwisha. Nitafutie huko kwenu."

Tangu shemeji afariki, kuku ndio wanaomlisha dada yangu. Nililala na wasiwasi. Asubuhi nikaenda duka la dawa za mifugo, nikapata kichupa cha mwisho. Muuzaji alikiweka ndani ya kisanduku cha barafu, akanitazama machoni. "Mzee, barafu hii ikiisha yote njiani, unampelekea dada yako maji."

Manyoni, saa mbili asubuhi. Niliwasha gari, likaguna kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Mara ya pili likakataa. Nikafungua boneti. Kwenye vichwa vya betri, pale waya mbili zinapobanwa, ulikuwa umeota unga mweupe wenye rangi ya kijani na buluu pembeni. Ulikuwa mzuri kutazama, kusema kweli, na mimi nikiona kitu nisichokielewa lazima nikitazame. Mke wangu huniita Bwana Kwa Nini. Alitoka mlangoni akaniambia barafu haingojei maswali yangu. Nikagonga vibano kwa jiwe, kama nilivyozoea wiki hizo, gari likawaka.

Barabara ya Singida ni nzuri. Baada ya Issuna mashamba ya alizeti yalikuwa yamekomaa, vichwa vyote vimeinama, na mawe makubwa yalikaa katikati ya mashamba bila sababu ninayoijua. Kila baada ya muda nilitia mkono ndani ya kisanduku kuhakikisha bado ni baridi. Sikuzima gari popote, mpaka Ikungi.

Ikungi, saa tano kasoro. Hapo nilifanya ujinga. Kiu ilinishika, nikazima gari mbele ya kibanda cha chakula cha Mama Stella nikanunue maji. Niliporudi na kuzungusha ufunguo, nikasikia "tik" moja tu. Nikagonga kwa jiwe. Tik. Gari langu ni otomatiki, hata wangekuja watu kumi kulisukuma lisingewaka. Jua lilikuwa limeshapanda, na kisanduku kilikuwa kwenye kiti cha nyuma.

Watu wakaja kutoa hukumu, wote moja: betri imekufa. Dereva wa lori la alizeti, Mzee Athumani, alikuwa akila ugali ndani ya kibanda. Alinawa mikono, akaja taratibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Washa taa." Taa zikawaka vizuri. "Sasa jaribu kuwasha gari." Tik, na taa zikafifia karibu kuzimika. Akagusa kibano kimoja, akautoa mkono haraka. "Kina moto. Betri yako ni nzima, kijana. Umeme unataka kutoka ila mlango umebanwa." Nina miaka hamsini na tatu, lakini kuitwa kijana siku ile kulinipa matumaini.

"Huo unga unatoka wapi?" nikauliza.

"Mvuke wa tindikali ya betri unatoka kidogo kidogo, unaila madini ya risasi na shaba. Usiushike na mikono kisha ukafikicha macho." Akageuka kibandani. "Mama Stella! Una magadi?"

"Mzee, mimi napika mlenda, nitakosaje magadi?" Mama Stella akatoka na kikombe cha magadi yaliyosagwa na birika la maji ya moto, kisanduku changu amekwishakihamishia kivulini karibu na mtungi. Sikuwa nimemwomba. Moyo wangu ulitulia kidogo.

"Kwa nini si chumvi?" nikamuuliza mzee.

"Chumvi itazidi kuila risasi. Magadi yanaua ukali wa tindikali. Tazama."

Alifungua kwa spana kibano cha hasi kwanza, ndipo cha chanya. Akahakikisha vifuniko vya betri vimekazwa ili magadi yasiingie ndani. Kisha akakoroga magadi kwenye maji ya moto, akamimina. Unga ule ukatoa povu, ukachemka juu ya betri bila jiko, na rangi yake ikayeyuka ikateremka. Niliinama mpaka Mama Stella akanivuta shati. "Baba, hilo si sufuria la kuonja!"

Povu lilipokwisha, mzee akasuuza, akafuta, kisha akakwangua kichwa cha betri kwa kisu. Akasimama. Kwenye ncha ya kisu palikuwa na kitu cha kahawia kinachonata. Akakinusa.

"Hii ni nta ya nyuki. Nani kaiweka humu ndani?"

Ningeweza kumsingizia fundi. Lakini nta ndiyo dawa yangu ya kila kitu: kibuyu kikipasuka napaka nta, mlango ukilia napaka nta, kamba ya kiatu ikifumuka ncha napaka nta. Mwezi uliopita nilipouona ule unga mara ya kwanza, nilifungua vibano, nikayeyusha nta, nikavipaka vichwa vya betri pande zote, nikabana. Nilijisifu siku nzima.

"Ni mimi," nikasema.

Mama Stella alicheka mpaka akaegemea nguzo. Mzee naye alicheka, halafu akanieleza bila kunidharau: nta haipitishi umeme. Nilikuwa nimeweka ukuta kati ya chuma na chuma, tindikali ikapata pembe za kujificha. Tukakwangua yote, tukasugua kwa msasa mpaka risasi ikang'aa, tukakausha. Akabana chanya kwanza, hasi mwisho.

"Sasa lete nta yako," akasema. "Paka juu, baada ya kubana."

Nikatoa donge ninalobeba garini, nikapaka. Gari liliwaka kwa mguso mmoja.

Mgori, saa nane mchana. Vumbi la kutoka mjini lilikuwa limenibadilisha rangi. Dada Salome alikuwa amesimama njiani, sijui tangu saa ngapi. Hakuitikia hata shikamoo yangu kabla ya kufungua kisanduku. Kilichobaki ni kipande cha barafu cha ukubwa wa yai, na kichupa kikiwa kimekigusa. Alikaa chini akalia kidogo, kisha akajifuta na kuniamuru nikamate kuku. Mimi nikishika, yeye akitia tone moja moja kwenye jicho, mpaka jioni.

Kesho yake nilirudi na jogoo aliyefungwa miguu. "Mpe mwenye magadi," dada alikuwa ameniambia. Mama Stella alimpokea kwa mikono miwili. Mzee Athumani alikuwa ameshaondoka na lori lake, nikabaki na asante yake mdomoni.

Baada ya wiki tatu simu iliita alfajiri. Ilikuwa namba ya dada, na nilipokea kwa hofu. Nikauliza, "Vipi huko?" Aliinua simu juu uani kwake, nikasikia majogoo wakiwika, mmoja, wa pili, halafu wengi kwa pamoja. "Kwa jirani kumekuwa kimya," akasema hatimaye. "Hawa ni wangu."

Nikatoka nje nikafungua boneti. Vichwa vya betri vilikuwa vikavu na safi, nta ikiwa juu, nje, mahali pake.