Njoo Kesho Uitake Tena

Nilirudi Unguja na cheti cha ushauri nasaha, na maswali matatu niliyofunzwa na mwalimu mmoja wa Kijapani. Mgonjwa anakaa peke yake, anaelekea ukuta, anajiuliza: mama yangu amenipa nini? Mimi nimempa nini? Nimemtaabisha vipi? Nikajiona hodari. Kushukuru tunajua, kutubu tunajua. Tiba hii ya Mashariki, nilisema, itatukaa kama kanzu ya kupimiwa.

Chumba changu kilikuwa Jang'ombe. Wa mwanzo kuja alikuwa binti mkulima wa mwani kutoka Kizimkazi, aliyefikia kwa shangazi yake. Tangu afiwe na mtoto alikuwa hali chakula wala halali usiku. Siku ya sita alijibu maswali yote kwa utulivu, akatabasamu, akanishukuru. Nikaandika kwenye daftari: amepata nafuu. Mpaka leo naona haya nikiyakumbuka maneno yale.

Siku ya saba hakuja. Nikamfuata kwao Kizimkazi. Nilimkuta kibarazani pamoja na mama yake, bibi mwembamba aliyemshika mkono na asiuachie hata kunipokea.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemfunza mwanangu kuaga?"

Sikuelewa. Akanieleza kwamba jana binti alifika, akapiga magoti, akamtaka radhi kwa kila taabu tangu utotoni. Hapo nikaelewa. Kwetu mtu hatakwi radhi namna ile, bila ugomvi wala safari, ila na anayekwenda asikorudi. Nami nililijua hilo tangu mdogo, nikaliacha darasani.

Binti akainamisha kichwa. "Nlishaamua," alisema. "Ilibaki radhi tu."

"Sikumpa," mama akasema. "Nimemwambia, leo huipati. Njoo kesho uitake tena."

Nilimpeleka binti hospitali, akaanza dawa. Lakini kila asubuhi aliitaka radhi, na kila asubuhi mama alimnyima, miaka na miaka. Mimi nikaugeuza ukuta: siku hizi hakai mtu peke yake, anakaa na yule asiyetaka kumwachia. Watu huisifu tiba yangu. Si yangu.

Mwezi uliopita bibi yule alifariki. Baada ya maziko binti alinipigia simu.

"Nshapewa," alisema. "Yote."

Niliogopa mno. Katika maswali yangu sikulikumbuka hata moja.

"Njoo kesho," nikamwambia.



"Saa ngapi?"