Mistari Miwili ya Dawa

Mwaka nilioanza kumdunga paka sindano nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, sina mume, sina mtoto, naishi peke yangu katika nyumba ya kupanga pale Mountain View. Nayataja haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niseme uongo. Mwanamke mwenye watoto watatu akimdunga paka wake sindano, watu watasema ana huruma. Mimi wangesema hatimaye nimepata mtoto.

Paka mwenyewe nilimkuta kwenye nyumba. Waliohama kabla yangu walimwacha, na siku nilipofika na vitu vyangu alinitazama kama mimi ndiye mpangaji wake. Alikuwa dume mwekundu, mnene, mwenye kichwa kikubwa. Sikumpenda mara moja. Lakini mtu akirudi jioni kwenye nyumba isiyo na sauti, na kitu kimoja tu ndani yake kikasimama kumpokea, moyo hulainika upende usipende.

Mwaka wa tatu akaanza kunywa maji ovyo. Alikunywa kwenye bakuli lake, akanywa kwenye ndoo ya kupigia deki, akapanda sinki na kuulamba mfereji. Alikula kuliko mimi, na bado mifupa ya mgongo ikaanza kuonekana. Nikamtia kwenye kikapu cha sokoni, nikakifunika kwa leso ili watu wasione, nikampeleka kwa daktari wa mifugo upande wa Jamhuri. Daktari akampima damu, akaniambia paka wangu ana ugonjwa wa sukari. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akanieleza kwamba insulini atakayotumia ni ileile ya watu, nitainunua kwenye duka lolote kubwa la dawa, ila paka hupewa kidogo sana. Mistari miwili ya bomba la sindano asubuhi, miwili jioni, kila siku, akishakula. Akanipa chungwa nijifunzie kudunga. Nilipolitoboa vizuri mara tano akaniambia niende nyumbani.

Basi ikawa hivyo. Saa kumi na mbili asubuhi namwekea chakula, nabingirisha kichupa cha dawa polepole kati ya viganja kwa sababu hakitakiwi kutikiswa, navuta mistari miwili, nainua ngozi ya shingo yake na kudunga. Baada ya wiki mbili hakuwa akigeuka hata kidogo kutoka kwenye sahani. Uzito ukarudi. Nilijivuna, nasema kweli, ila nilijivunia ndani ya nyumba tu, mlango ukiwa umefungwa.

Shida ilikuwa jioni. Nilifanya kazi katika ofisi ya bima Upper Hill, na foleni ya magari ya kurudi Waiyaki Way haikumhurumia mtu. Ilinibidi nitoke saa kumi na moja kamili. Mkubwa wangu aliponiuliza kwa nini siku hizi sibaki, nikamwambia nina mgonjwa nyumbani. Huo haukuwa uongo. Lakini aliponiambia pole, na kwamba mama ni mama, sikumsahihisha. Nadhani hapo ndipo ulimi wangu ulipoanza kuzoea.

Kanisani kwetu waumini wa kila mtaa wana jumuiya yao, na kila wiki jumuiya hukutana kusali katika nyumba ya mmoja wao, kwa zamu. Zamu yako ikifika, nyumba si yako tena. Wanawake huingia jikoni bila kuuliza, huyu anaosha vikombe, yule anatafuta majani ya chai. Jumamosi ya zamu yangu nilificha sindano kabatini chini ya mashuka. Kichupa nikakisahau kwenye mlango wa friji.

Aliyekiona ni jirani yangu, mama wa watoto mapacha, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha. Alikuwa akitafuta maziwa. Majuzi tu alikuwa amemleta mama yake mzazi kutoka Kinangop, naye hospitali ilikuwa imemwanzishia dawa hiyohiyo, kwa hiyo hakuhitaji kusoma maandishi.

"Kwani uko na sukari na hujatuambia?" akaniuliza, na wenzake wawili wakageuka.

Paka alikuwa amelala juu ya gunia la viazi, hatua mbili kutoka tuliposimama. Ningenyoosha kidole tu. Lakini mmoja wa wale wawili alikuwa mama ambaye kila tukikutana aliniuliza nitawapikia lini uji wa uzazi, na nilimwona tayari akicheka, nikaona kicheko hicho kikizunguka mtaa hadi Kangemi. Vilevile nilijua kuna watu ng'ambo ya barabara wanaokosa dawa hiyo kwa ajili ya watoto wao. Uso ukanishuka. Nikasema sikutaka kuwasumbua.

Wakaacha kila kitu. Nikawekwa kwenye kiti katikati ya sebule yangu mwenyewe, mikono ikajaa mabegani na kichwani, wakaniombea hadi mama mmoja akalia. Mwenyekiti wa jumuiya akaagiza chai yangu isitiwe sukari. Mimi ni mtu wa vijiko vitatu. Niliinywa ile chai yote, nikijiambia kwamba ni jambo dogo na kwamba halimuumizi mtu.

Wiki mbili baadaye, jioni, Mama Pacha akabisha. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemdunga paka, na bomba lilikuwa bado mkononi mwangu. Akaliona, akanipa pole, akaketi. Alikuwa na wasiwasi juu ya mama yake. Hospitali ilikuwa imewaandikia mistari ishirini asubuhi na kumi jioni, naye kila akiivuta ile dawa aliona ni nyingi mno. Mama mwenyewe ni mwembamba, alisema, atabeba vipi dawa yote hiyo? Halafu akanitazama, nimenawiri, mashavu yamejaa.

"Wewe unavuta ngapi?"

"Miwili."

Lilinitoka kabla sijafikiri. Ndiyo nambari niliyoijua, niliyoivuta mara mbili kila siku kwa miezi. Nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyeondolewa mzigo. Akarudia, miwili, kwa sauti ya chini. Ningeweza kumwambia kila mwili na dawa yake. Ningeweza kumwambia afuate ya daktari na arudi kumwuliza yeye. Sikusema lolote kati ya hayo, kwa sababu niliogopa swali litakalofuata, nimeanza lini, natibiwa wapi, na nani. Nikainuka kumtengenezea chai, nikaanza kumsifia mapacha wake kwa matokeo yao ya shule.

Siku chache baadaye nikamkuta getini. Akasema mama yake amekuwa na kiu isiyoisha, jagi zima halimtoshi, na usiku haachi kuamka kwenda chooni. Dalili hizo nilizijua. Nilikuwa nimezipangusa sakafuni kwangu kwa tambara. Nikamwuliza kama dawa anachomwa kila siku. Akasema kila siku, hajaruka hata moja. Mistari sikuiuliza. Nikasema labda ni joto, nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Nimekaa na dakika ile miaka mingi. Watu husema hawakujua. Mimi nilijua nusu, na ile nusu nyingine niliiacha makusudi isifike.

Jumapili iliyofuata, tukitoka misa ya pili, tukasikia bibi, mama yake Mama Pacha, ameanguka chooni na haamki. Jirani mwenye gari akawapeleka hospitali. Sukari yake ilikuwa juu kiasi kwamba kwa siku mbili hakumtambua binti yake. Alilazwa karibu na ofisi yetu, kwa hiyo nilikuwa nikienda wodini saa ya chakula cha mchana, nimebeba uji kwenye chupa, na kila mtu pale aliniona mtu mwema.

Siku ya nne bibi akaweza kuketi na kuomba chai. Mama Pacha akanivuta hadi kwenye ukumbi nje ya wodi. Alikuwa hajalala, kilemba kimemwendea upande. Akanieleza jinsi daktari alivyomgombeza mbele ya wauguzi, akamwuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kupunguza dawa ya mgonjwa. Alijibu kwamba ni akili yake mwenyewe.

"Sikukutaja," akasema. "Wewe ni mgonjwa pia, sikutaka wakusumbue. Ni mimi niliona kwako inafanya, nikafikiria na kwake itafanya."

Aliomba msamaha. Yeye, kwangu. Alisema nisije nikajilaumu nikapandisha sukari yangu bure.

Nilikuwa nimekaza mgongo ukutani, na hapo ndipo niliposhindwa. Nikamwambia dawa si yangu, sina sukari, sijawahi kuwa nayo, dawa ni ya paka. Sikumwangalia nikisema.

"Paka gani?"

"Yule mwekundu."

Alicheka, kicheko kifupi, kama mtu aliyeambiwa jambo lisiloingia akilini. Halafu kikakatika. Akaketi kwenye benchi, akaiweka mikono magotini, akatazama sakafu iliyokuwa ikipigwa deki. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Mama anakuombea. Hata leo akiamka, kabla ajiombee, amekutaja wewe. Anasema yeye ni mzee ameishi, lakini wewe bado ni kijana, usikufe na sukari. Sasa nitamwambia nini?"

Ningejibu kwamba nitaingia sasa hivi nimwambie mwenyewe. Mlango wa wodi ulikuwa palepale, wazi, umezuiwa kwa jiwe usijipige. Nikamwomba asimwambie.

Akaniangalia mara moja, akainuka, akarudi kwa mama yake. Hakumwambia. Hakumwambia mtu yeyote, si mtaani wala jumuiyani. Aliendelea kunisalimia getini kila asubuhi kwa heshima zote. Ila kwangu hakubisha tena, na mapacha, ambao walizoea kuja kucheza na paka baada ya shule, wakaacha kuja.

Paka aliishi miaka miwili zaidi, akiwa na afya kunishinda. Nilimdunga hadi siku ya mwisho, mapazia yakiwa yamefungwa. Sijawahi kuona haya kwa kumtunza. Alikuwa mgonjwa na alikuwa wangu. Haya yangu ni kwamba nilimwona mnyama vizuri kuliko nilivyomwona mama wa mwenzangu, na nikaogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa kifo cha mtu.

Bibi alipona, ila jicho moja halikurudi sawasawa na mguu ukawa wa kuburuta. Hakurudi tena Kinangop. Kila jumuiya alikuja akiwa ameshikwa mkono na binti yake, na kila mara, kabla hatujaanza rozari, alinitafuta kwa lile jicho lililobaki zima hadi akanipata. Alinishika kiganja kwa mikono yake miwili.

"Sukari yako inaendeleaje, mwanangu?"

"Imeshuka, Shosho," nilimjibu.

"Mungu ni mwema," alisema.

"Kila wakati," niliitikia, na Mama Pacha, akiwa amesimama kando yake, aliitikia pamoja nami.